Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wahakiki, alama na albamu mpya za roki na pop

Albamu ikitoka Ijumaa, kufika Jumamosi asubuhi alama zimeshazagaa: 8.4 huku, nyota nne kule, 76 kwenye mraba wa kijani. Watu wanabishana kuhusu namba hata kabla hawajasoma sentensi moja ya maelezo. Haya ni maswali tunayoulizwa sana kuhusu namba hizo na watu wanaozitoa. Mifano mingi ni ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa ndiko mtambo huu ulikoundwa na ndiko unakoendeshwa mpaka leo.

Mhakiki, mkosoaji, mchambuzi: ni mtu yule yule?

Kazi ni moja, maneno hayana uzito sawa. "Kukosoa" kuna harufu ya kutafuta kosa, ndiyo maana shabiki akisikia "mkosoaji kaandika" anakunja ngumi kabla ya kusoma. "Mchambuzi" tumeshamkabidhi mpira wa miguu. Hapa tunasema mhakiki, neno lile lile la darasa la fasihi: mtu anayeeleza kazi imekusudia nini, imefika wapi, na amejuaje. Anayeishia kusema "ngoma kali" au "takataka" hajaanza kuhakiki.

Kwa nini hakiki zote hutoka kwa mkupuo?

Kwa sababu albamu zenyewe hutoka kwa mkupuo. Tangu tarehe 10 Julai 2015 kampuni za muziki zimekubaliana kuachia kazi siku ya Ijumaa duniani kote. Kabla ya hapo Uingereza ilikuwa Jumatatu na Marekani Jumanne.

Kwa kawaida lebo humpa mhakiki albamu mapema, siku kadhaa au hata wiki kadhaa, kwa sharti la kutochapisha lolote kabla ya saa iliyotajwa. Zamani ilikuwa CD kwenye bahasha. Siku hizi ni kiungo cha kusikiliza tu, kimefungwa kwa jina lake, na mara nyingi sauti yenyewe imepachikwa alama fiche ili ikivuja ijulikane imetokea mkononi mwa nani.

Wasanii wakubwa sana huruka hatua hiyo. Radiohead walitangaza In Rainbows siku kumi tu kabla ya kuitoa, Oktoba 2007. Beyoncé alitoa albamu yenye jina lake tarehe 13 Desemba 2013 bila tangazo lolote. Hapo mhakiki anasikia pamoja na wewe, na mhariri anataka makala kesho yake. Kwa hiyo, kabla hujaamini alama, tazama saa ya kuchapishwa. Albamu ya dakika 60 iliyotoka saa sita usiku na kuhakikiwa kabla ya jua kuzama imesikilizwa mara tatu, nne kwa mtu mwenye bidii.

Taylor Swift alipotoa The Tortured Poets Department tarehe 19 Aprili 2024, ilikuwa na nyimbo 16. Saa mbili baadaye akaongeza 15, jumla 31, zaidi ya saa mbili za muziki. Hakiki kadhaa za siku ile zinazungumzia zile 16 tu. Ukizisoma leo huku unasikiliza toleo refu, utadhani mwandishi aliruka nusu ya kazi.

Namba ya Metacritic inapikwaje?

Metacritic, tovuti iliyofunguliwa Januari 2001, haihakiki albamu yoyote. Inakusanya hakiki za machapisho iliyoyateua yenyewe, inageuza kila moja kuwa namba kati ya 0 na 100, kisha inatafuta wastani. Kila hatua ya njiani ina mtego wake.

Kwanza ni kugeuza. Nyota 4 kati ya 5 zinakuwa 80, nyota 3 zinakuwa 60. Pitchfork, tovuti ya kuhakiki muziki, ikitoa 7.2, ni 72. Kwa herufi, A ni 100, A- ni 91, B+ ni 83, B ni 75, B- ni 67, C ni 50 na F ni 0. Mhakiki aliyetoa C akimaanisha "inasikilizika, haina jipya" anajikuta ameandikiwa 50, kana kwamba ameikataa nusu. Na jarida la nyota tano lisilotoa nusu nyota haliwezi kusema 70 hata likitaka. Litachagua 60 au 80, na pengo hilo la alama 20 halikutokana na tofauti yoyote ya maoni.

Kisha kuna hakiki zisizo na alama kabisa. The New York Times, kwa mfano, huandika maneno tu. Mfanyakazi wa Metacritic huyasoma na kukadiria: hii inasikika kama 70, hii kama 90. Hivyo ile 70 iliyo kando ya jina la gazeti huenda mhakiki mwenyewe hakuiandika.

Baada ya hapo kuna uzito. Machapisho hayahesabiwi sawasawa, na uzito wa kila moja ni siri ya tovuti. Mwisho, wastani wa muziki husawazishwa tena, jinsi mwalimu anavyovuta alama za darasa zima baada ya mtihani ili zitawanyike. Ndiyo maana ukichukua kikokotoo na kujumlisha unachokiona kwenye ukurasa, jibu lako na la kwao hutofautiana.

Chukua albamu ya kubuni yenye hakiki tano: nyota 4 (80), B+ (83), 7.2 (72), nyota 3 (60), na moja ya maneno matupu iliyokadiriwa 70. Jumla ni 365, ukigawa kwa 5 unapata 73. Sasa tuseme zile mbili za 72 na 60 zina uzito wa 1.5. Jumla inakuwa 431, unagawa kwa 6 (jumla ya uzito: 1+1+1+1.5+1.5), unapata 72 kasoro kidogo. Akija mhakiki wa sita na kutoa 20, wastani wa kawaida unaanguka hadi 64. Sauti moja tu imeshusha alama tisa, na shabiki atakuambia "wahakiki wameigeuka".

Albamu ikipata hakiki chini ya nne haipewi namba. Kuhusu rangi, kijani huanzia 61, njano ni 40 hadi 60, nyekundu ni 39 kushuka.

Albamu mbili zote zina 73. Zina ubora sawa?

Hapana, na hili ndilo swali tunalotamani lingeulizwa zaidi. Ya kwanza ni ile ya juu: 80, 83, 72, 60, 70. Ya pili imepata 100, 100, 90, 40 na 35. Jumla 365, wastani 73. Ya kwanza kila mtu ameiona nzuri kiasi, na kuna uwezekano mkubwa utaipenda kiasi. Ya pili imewagawa watu: utaipenda kufa au utaizima wimbo wa tatu. Ukiwa na nafasi ya kusikiliza albamu moja tu wiki hii, chukua ya pili, halafu soma ile 100 moja na ile 35, ukiruka zilizo katikati. Wahakiki hao wawili mara nyingi wanaeleza jambo lile lile, mmoja akiliita ujasiri na mwingine akiliita kelele. Ukishalijua jambo hilo, wewe mwenyewe utajua uko upande gani.

Mbona alama nyingi zinabanana kati ya 60 na 85?

Kwa sababu mbaya kweli hazihakikiwi. Kila wiki zinatoka albamu nyingi kuliko masikio yaliyopo, na mhariri mwenye nafasi ishirini hazipotezi kwa bendi isiyojulikana ambayo pia haijui kupiga. Atakayepondwa hadharani ni yule mwenye jina. Kwa hiyo 65 kwa albamu ya staa si pongezi, ingawa iko kwenye kijani. Kwa bendi changa inayotoa albamu ya kwanza, 65 ni salamu nzuri.

Pitchfork ni nani hasa, na ile desimali ni ya nini?

Ryan Schreiber aliianzisha Minnesota katikati ya miaka ya 1990 akiwa kijana wa kawaida mwenye intaneti, akaihamishia Chicago, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Condé Nast. Januari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuiunganisha na jarida la GQ na kuwapunguza wafanyakazi. Kipimo chake kinaanzia 0.0 hadi 10.0, yaani ngazi 101. Hakuna binadamu anayeweza kutofautisha 7.3 na 7.4 kwa masikio, na wenyewe wanajua. Desimali ni chumvi: inakufanya uzungumze.

10.0 kwa albamu mpya ni adimu. Kid A ya Radiohead iliipata mwaka 2000, My Beautiful Dark Twisted Fantasy ya Kanye West mwaka 2010, na Fetch the Bolt Cutters ya Fiona Apple Aprili 2020, pengo la karibu miaka kumi kati ya hizo mbili za mwisho.

Chini kabisa kuna 0.0. Travistan ya Travis Morrison ilipewa hiyo mwaka 2004. Shine On ya bendi ya Jet, mwaka 2006, haikuandikiwa hata neno: mahali pa makala paliwekwa video ya sokwe akijikojolea mdomoni. Watu waliicheka sana. Sisi tunaiona kama ushahidi wa uvivu, kwa sababu aliyetaka kujua Shine On ina kasoro gani aliondoka bila jibu.

Uhakiki unauza albamu au hauuzi?

Inategemea msanii anajulikana kiasi gani kabla. Kwa Taylor Swift hauna nguvu: The Tortured Poets Department ilipata hakiki vuguvugu ukilinganisha na kazi zake nyingine, na bado ikafikisha zaidi ya milioni 2.6 Marekani katika wiki ya kwanza, ukijumlisha mauzo na usikilizaji wa mtandaoni.

Kwa wadogo ni hadithi nyingine. Septemba 2004 Arcade Fire, bendi ya Montreal ambayo wachache nje ya mji huo waliijua, walitoa Funeral kwa lebo ndogo ya Merge. Pitchfork wakaipa 9.7, na lebo ikashindwa kuchapisha nakala kwa kasi ya wanunuzi. Travistan, ile iliyopewa 0.0, ilitoka mwezi huo huo. Tovuti ile ile, wasomaji wale wale, kipindi kile kile.

Ni kweli wahakiki hukosea vibaya?

Hukosea, na mara nyingi kwa sababu zinazoeleweka. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilipotoka 1969, John Mendelsohn wa jarida la Rolling Stone aliiona kama nakala ya kazi ambayo wengine walishaifanya vizuri zaidi. Mwaka uliofuata, kwenye jarida hilo hilo, Lester Bangs aliiponda albamu ya kwanza ya Black Sabbath akiilinganisha na bendi ya Cream. Wote wawili walikuwa wanapima kitu kipya kwa rula ya kitu cha jana. Kwa masikio ya bluzi ya Uingereza ya miaka ya 1960, Black Sabbath kweli ni Cream iliyochacha. Ilichukua miaka mpaka metali nzito ipate jina na rula yake.

Wasomaji wa Zanzibar watakuwa na hamu na hili: Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na Queen wenzake hawakuwahi kuwa kipenzi cha Rolling Stone enzi zao. Albamu yao iitwayo Jazz ilipotoka Novemba 1978, Dave Marsh aliandika kwamba Queen huenda ndiyo bendi ya kwanza ya roki iliyo ya kifashisti kwelikweli. Alichokichukia ni jinsi bendi inavyouamrisha umati uimbe na kupiga makofi. Umati wenyewe ulikuwa umelipa kiingilio ili uamrishwe hivyo hivyo.

Kosa linaweza pia kwenda upande wa sifa. Mwaka 1995 magazeti ya Uingereza yaliipokea kwa ubaridi (What's the Story) Morning Glory? ya Oasis, ikageuka kuwa mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya nchi hiyo. Albamu yao iliyofuata, Be Here Now, ilipokuja tarehe 21 Agosti 1997, hakuna aliyetaka kuaibika tena. Nakala za mapema zilitolewa kwa masharti makali, muda wa kusikiliza ulikuwa mfupi, na nyota tano zikamwagika. Siku ya kwanza pekee ziliuzwa nakala 424,000 Uingereza. Miezi michache baadaye watu wakaanza kusikia kilichokuwepo tangu mwanzo: dakika zaidi ya 70, magitaa yamerundikwa mpaka sauti ya mwimbaji inatafutwa, na wimbo All Around the World unazunguka zaidi ya dakika 9 hautaki kuisha. Noel Gallagher, mtunzi na mpiga gitaa wa Oasis, mwenyewe ameisema vibaya mara nyingi.

Pinkerton ya Weezer, 1996, huwekwa kwenye orodha hii, lakini angalia vizuri. Waliosema ni ya tatu kwa ubaya mwaka ule walikuwa wasomaji wa Rolling Stone kwenye kura, si wahakiki. Mwaka 2002 wasomaji wa jarida hilo hilo waliiweka nafasi ya 16 kati ya albamu bora za nyakati zote.

Wahakiki wanahongwa?

Bahasha yenye noti si jambo la kawaida kwenye machapisho haya. Kinachotokea ni ukaribu, na wakati mwingine uzembe. Jann Wenner, mwanzilishi mwenza wa Rolling Stone na wakati huo mwenye jarida, mwaka 2001 aliandika mwenyewe uhakiki wa Goddess in the Doorway ya rafiki yake Mick Jagger na kuipa nyota tano. Mwaka 2008 jarida la Maxim liliipa Warpaint ya The Black Crowes nyota mbili na nusu ilhali mwandishi hakuwa ameisikia albamu nzima. Jarida liliomba radhi.

Dalili za mwandishi ambaye hakusikiliza hazifichiki: anataja wimbo uliotoka mapema peke yake, anarudia maneno ya taarifa ya lebo (ukizisoma zote mbili sambamba utacheka), na hakuna hata sentensi moja inayoeleza kinachotokea katika nusu ya pili ya albamu.

Kwa nini kuna hakiki zisizo na jina la mwandishi?

Usalama. Jarida la Paste walipochapisha uhakiki mkali wa The Tortured Poets Department, waliondoa jina na kueleza kwamba mwaka 2019, walipohakiki Lover ya msanii huyo huyo, mwandishi wao alitumiwa vitisho vya kudhuriwa. Kawaida uhakiki usio na jina usiuamini. Hapo palikuwa na sababu.

Alama za mashabiki si za kweli zaidi?

Si katika wiki ya kwanza. Saa ya kwanza mashabiki wa msanii wanamwaga 10, mashabiki wa mpinzani wake wanamwaga 0, wote kabla albamu haijafika wimbo wa tano. Rudi baada ya miezi sita. Kwenye Rate Your Music, tovuti ya alama za wasikilizaji iliyoanza mwaka 2000, alama za muda mrefu zina maana zaidi, ila ujue wenyeji wa pale wanapenda roki ya majaribio na hawana subira na pop laini.

Kwa nini roki ilipewa heshima na pop ikadharauliwa?

Wahakiki wa kwanza walikulia kwenye roki ya miaka ya 1960 na wakajenga sheria kutokana nayo: msanii wa kweli anaandika nyimbo zake na kupiga gitaa lake, na albamu ni bora kuliko wimbo mmoja mmoja. Kwa sheria hizo mwimbaji wa pop anayefanya kazi na maprodyuza sita amefeli kabla hajafungua mdomo. Tarehe 31 Oktoba 2004 mhakiki Kelefa Sanneh aliushambulia mtazamo huo kwenye The New York Times, na vijana waliomfuata wakageuza upepo.

Ulichukua muda. Pitchfork hawakuihakiki 1989 ya Taylor Swift ilipotoka mwaka 2014. Mwaka uliofuata Ryan Adams akaimba upya albamu nzima kwa gitaa na huzuni, na hiyo wakaihakiki. Ya Swift mwenyewe ilisubiri hadi 2019. Leo wapo wanaolalamika kwamba mizani imelalia upande wa pili, kwamba hakuna anayethubutu kumgusa staa wa pop. Tukiangalia alama za miaka ya karibuni, malalamiko hayo yana chembe ya ukweli.

Nimchague vipi mhakiki wa kumfuata?

Andika albamu kumi unazozijua kwa moyo: tano unazozipenda, tano zilizokuchosha. Tafuta mtu mmoja mmoja (jina la mtu, siyo la jarida, kwa sababu jarida lina waandishi hamsini) aliyeandika kuhusu angalau sita kati ya hizo. Usihesabu mara mlizokubaliana. Hesabu mara ambazo maelezo yake yalikuwezesha kutabiri wewe ungeonaje. Mhakiki ambaye hampatani kamwe, lakini kila akichukia albamu wewe unaipenda, ana faida kama rafiki. Huyo mfuate tu.

Robert Christgau, mhakiki wa Marekani, anafaa kwa zoezi hili, kwa kuwa ameandika vidokezo vifupi vyenye herufi tangu 1969, kwa hiyo mifano haikosekani. Onyo: huwa anabana mawazo matatu kwenye sentensi moja. Soma polepole.

Nataka kuandika uhakiki wangu wa kwanza. Nifanyeje?

Sikiliza mara tano kabla ya kuandika aya. Mara ya kwanza usishike kalamu. Ya pili andika muda na tukio: "2:14 besi inaingia", "3:40 ngoma zinakatika". Ya tatu badilisha kifaa, toka kwenye spika za masikioni uende kwenye redio ya gari au spika ya dukani, kwa sababu besi inayotikisa kwenye kimoja hupotea kwenye kingine. Ya nne soma mashairi huku unasikiliza. Ya tano sikiliza nusu ya pili tu, maana ndiyo uliyoisikiliza ukiwa umechoka mara zote nne.

Ukilinganisha na albamu iliyopita, sawazisha sauti kwanza. Iliyo juu kidogo kwa sauti husikika bora hata kama si bora, na albamu nyingi za roki zimebanwa makusudi ili zisikike kubwa. Death Magnetic ya Metallica, 2008, ndiyo mfano wa vitabuni: hakiki zilikuwa nzuri, lakini wasikilizaji walilalamika kwamba sauti imebanwa mpaka inakwaruza, na maelfu wakasaini ombi ichanganywe upya. Toleo lililokuwa ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero lilisikika safi zaidi. Wahakiki wengi hawakuligusia, pengine kwa kuwa walikuwa bize na maana ya mashairi.

Maneno 400 hadi 600 yanatosha. Hukumu iwe wazi ndani ya 50 ya mwanzo. Taja nyimbo tatu au nne, usipite wimbo kwa wimbo kama unaita mahudhurio. Na eleza unachosikia. "Sauti yake ni nzuri sana" haimwambii msomaji kitu. "Kwenye ubeti wa pili ananong'ona karibu na maikrofoni mpaka unasikia anavyovuta pumzi, kisha kiitikio kinaingia na sauti zake nne zimepangwa moja juu ya nyingine" inamwambia, na hukuhitaji hata sifa moja.

Alama iweke mwisho, baada ya makala kukamilika. Ukianza na alama, makala yote yanageuka kuwa utetezi wake.

Naandikia kamusi elezo ya mtandaoni. Sehemu ya mapokezi ya wahakiki iweje?

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza jedwali la alama halizidi hakiki kumi. Chagua zinazoonyesha mgawanyiko, usichague kumi zinazosifu. Anza na namba ya Metacritic ukitaja imetokana na hakiki ngapi, kisha mpe kila mhakiki jina lake: mtu ndiye aliyeandika, si "Rolling Stone". Usiandike "ilisifiwa na wote" hata ikiwa na 95. Na usitafsiri neno la dhihaka kuwa la heshima. Kama kaandika "upuuzi", andika upuuzi.

Mbona albamu za huku kwetu hazionekani kwenye orodha hizo?

Sababu moja ni kwamba tunaishi kwa wimbo mmoja mmoja, wakati mtambo huu unakula albamu. Nyingine ni kwamba hakuna aliyezituma. Sehemu kubwa ya kinachoandikwa kwa Kiswahili kuhusu albamu mpya ni tangazo la kutoka kwake: jina, idadi ya nyimbo, kolabo, kiki iliyotangulia, basi.

Zilizopenya zilikuwa na lebo inayojua mlango. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, na mwaka 2020 ikatoa Duma, albamu ya wawili wa Nairobi wanaochanganya metali na kelele za kielektroniki. Zote zilijadiliwa kwa uzito Ulaya na Marekani.

Anayetaka kujaribu atume wiki sita hadi nane kabla ya siku ya kutoka: kiungo cha faragha cha kusikiliza (kisichohitaji kujisajili, wahariri hufunga ukurasa papo hapo), maelezo ya maneno yasiyozidi 300, picha mbili safi, majina ya wote waliopiga na kurekodi, na mashairi pamoja na tafsiri. Amwandikie mwandishi mmoja ambaye ameshaandika kuhusu muziki wa namna hiyo. Barua iliyotumwa kwa watu mia moja kwa pamoja haifunguliwi.

Alama ikishatolewa inaweza kubadilishwa?

Mara chache. Oktoba 2021 Pitchfork walirudia alama za albamu kadhaa za zamani: Discovery ya Daft Punk ikapanda kutoka 6.4 hadi 10, Born to Die ya Lana Del Rey kutoka 5.5 hadi 7.8, na albamu ya Liz Phair ya 2003 iliyobeba jina lake ikatoka 0.0 hadi 6.0. Aliyeandika ile sifuri alikuwa ameshamwomba radhi hadharani mwaka 2019.

Lakini albamu yenyewe pia inaweza kubadilika. The Life of Pablo ya Kanye West ilitoka Februari 2016 na kuendelea kufanyiwa marekebisho kwenye mtandao. Wimbo Wolves ulirudishiwa sauti za Sia na Vic Mensa mwezi uliofuata, na sehemu ya Frank Ocean ikakatwa kuwa wimbo wake peke yake. Hakiki za wiki ya kwanza zinaeleza Wolves usioweza kuupata tena kwenye jukwaa rasmi. Kwa hiyo maelezo yasipolingana na unachosikia, tazama tarehe ya uhakiki, kisha hesabu nyimbo zilizo kwenye simu yako.